Modemu mbili za ZTE zina MAC moja, nikiibadilisha mtandao unakata

Ngosha_net
Wakuu habari za saa hizi. Nina Raspberry Pi (kompyuta ndogo) kwenye zahanati huku kijijini, nimeichomekea modemu mbili za ZTE MF823 zenye laini za mitandao tofauti ili mmoja ukizingua mwingine ushike. Sasa zote mbili zinakuja na MAC (anwani ya kifaa kwenye mtandao) ileile, usb0 na usb1, majina Linux iliyozipa, hazitofautiani hata tarakimu moja, na programu yangu ya kuchagua laini inatambua modemu kwa MAC kwa hiyo inaona kifaa kimoja tu. Nikabadilisha ya pili kwa `ip link set usb1 address`, ikakubali vizuri tu, ila kuanzia hapo hata 192.168.0.1 ya modemu yenyewe haijibu ping. Cha ajabu tcpdump (programu ya kuchungulia paketi) inaonyesha majibu ya ARP (ya kuulizia MAC ya anwani ya IP) yanarudi kabisa!! Kerneli (kiini cha Linux) ni 4.4. Modemu imekufa au?

fundi_nyaya
Haijafa mkuu. Rudia tcpdump ukiweka `-e` halafu angalia MAC ya mpokeaji kwenye hayo majibu, utakuta ni ile ya zamani. Fimuwea (programu ya ndani) ya hizi modemu haijali umebadilisha nini upande wa kompyuta, kila paketi inaandikwa anwani ileile iliyokaririshwa humo ndani. Kerneli ikiipokea inaona hii si yangu, inaitupa kabla ARP haijaigusa. tcpdump yenyewe inachungulia kabla paketi haijatupwa ndo maana unaziona.

Dawa iliingia kwenye kerneli mwaka 2016, kwenye draiva za modemu za USB, cdc_ether na rndis_host, yako 4.4 ni ya mwanzoni mwa mwaka huohuo kwa hiyo haina. Draiva ikiishika modemu inaangalia baiti ya kwanza ya MAC, kama biti ya 0x02 imewashwa maana yake anwani ni ya kubuni, si ya kusajiliwa, basi inatengeneza nyingine ya bahati nasibu. Halafu kwenye cdc_ether kila paketi inayoingia na anwani ya aina hiyo inafutwa ya mpokeaji na kuandikwa ya interfesi yako. Hiyo biti ndo imefanya ziitwe usb0 na usb1 badala ya eth, kwa hiyo dalili ulikuwa nayo mbele ya macho.

Pandisha kerneli. Ila angalia, MAC mpya itabadilika kila ukichomoa na kuchomeka, kwa hiyo acha kabisa kutambua modemu kwa MAC, tambua kwa tundu la USB ilipochomekwa.

BiShamsa
Fundi kaeleza vizuri. Mimi naongeza kwa wanaotaka kuandika draiva, angalieni jinsi dawa hiyo ilivyobanwa: kwenye cdc_ether inamhusu mtengenezaji 19d2 (namba ya ZTE) peke yake, tena interfesi ya CDC Ethernet tu, vifaa vya wengine vinapita njia ya kawaida. Hapo ndipo naona watu wengi wanakosea, wanakutana na kifaa kimoja kikaidi wanaenda kubadilisha usbnet nzima, msingi wa draiva zote hizi, kesho adapta ya mtu mwingine iliyokuwa inafuata kanuni vizuri inakata na hajui kwa nini. Kifaa kikaidi kipewe mstari wake kwenye jedwali la draiva na driver_info (maelekezo) yake. Na pachi (marekebisho ya msimbo) itumeni kwenye netdev, orodha ya barua pepe ya wanaotengeneza mtandao wa Linux, jamani, skripti ya kuweka viraka ukiiacha kwenye Pi yako inakusaidia wewe tu, mwenye modemu kama yako kule Bukavu au Tanga ataanza upya kuhangaika.

Ngosha_net
Asanteni sana wakuu, `-e` imeonyesha hivyohivyo. Nimepandisha kerneli, MAC sasa ni tofauti na zote zinajibu, lakini kila moja kwa wakati wake, nikiwasha mbili pamoja zinagombana.

fundi_nyaya
Hiyo si ya draiva tena, zote zinajiita 192.168.0.1 na mtandao wao wa ndani ni uleule. Ya pili itenge kwenye chumba chake cha mtandao (netns): `ip netns add laini2` kisha `ip link set usb1 netns laini2`, na DHCP yake (ya kupata anwani ya IP) uiendeshe humohumo. Modemu ikijizima na kuwaka inarudi nje ya hicho chumba, kwa hiyo iandikie kanuni ya udev (inayoshughulikia vifaa vinapochomekwa) ya kuirudisha yenyewe, hasa kama umeme wa huko unakatikakatika.