Hesabu ina majibu mawili, mtoto kaandika yote mawili, kakatwa alama!

Wakuu, habari za jioni. Tangu Ijumaa najaribu kutulia nashindwa. Acha niseme.

Mpwa wangu yuko kidato cha nne, anaishi kwangu. Karudi na karatasi ya mtihani wa majaribio wa hesabu. Swali: pembetatu ABC, pembe A ni nyuzi 30, upande a unaoitazama pembe hiyo ni sentimita 6, upande b ni sentimita 10. Tafuta pembe na upande uliobaki. Alama 6, kapewa 3. Nusu ya pili ya kazi yake imepigwa mstari wa wino mwekundu kutoka kona hadi kona, na pembeni imeandikwa "chagua jibu moja".

Achague lipi wakati yote mawili ni sahihi?

Angalieni alivyofanya. Kila pembe ina namba yake iitwayo sini, inasomwa kwenye jedwali au kikokotoo. Kanuni ya sini inasema kila upande ukiugawa kwa sini ya pembe inayoutazama, jibu ni lile lile kwa pande zote tatu. Basi sini ya B ni 10 mara 0.5 (ndiyo sini ya 30) gawanya kwa 6, sawa na 0.8333. Ukifungua jedwali unakuta nyuzi 56.44. Mwongozo wa kusahihisha umekomea hapo. Binti hakukomea hapo, kwa sababu anajua kwamba pembe na 180 toa pembe hiyo zina sini moja. 180 toa 56.44 ni 123.56. Akapima kama nayo inaingia: 123.56 jumlisha 30 ni 153.56, bado kuna nafasi ya nyuzi 26.44 kwa pembe C. Inaingia! Kwa hiyo kuna pembetatu ya kwanza ambayo C ni 93.56 na upande c ni sentimita 11.98, na ya pili ambayo C ni 26.44 na c ni sentimita 5.34. Kaandika zote mbili, kachora zote mbili, kwa rula. Ndiyo iliyopigwa mstari.

Niliingia shuleni kwa heshima zote. Mwalimu akanijibu kwamba pembetatu ni moja, haiwezi kuwa na vipimo viwili. Mkuu wa idara naye akasema mwongozo una jibu moja, kwa hiyo jibu ni moja. Nikaomba bikari. Nikaambiwa kipindi kinaanza.

Sasa nyie mlio na bikari nyumbani, chukueni. Chora mstari mrefu wa kulala, weka A mwanzoni. Pima nyuzi 30, vuta sentimita 10 hadi C. Fungua bikari sentimita 6, chomeka kwenye C, zungusha. Itaukata ule mstari wa chini mara mbili, moja kwenye sentimita 5.3 hivi kutoka A, nyingine karibu na 12. Hizo ndizo B mbili, zinaonekana kwa macho.

Na ukishachora hivyo unaelewa kila kitu. Kimo kutoka C hadi mstari wa chini ni 10 mara sini ya 30, yaani sentimita 5. Upande a ukiwa chini ya 5, bikari haiufikii mstari, hakuna pembetatu kabisa. Ukiwa 5 kamili unaugusa mara moja tu, pembe B ni nyuzi 90. Ukiwa kati ya 5 na 10 unaukata mara mbili. Ukianzia 10 kwenda juu, inabaki moja tu, kwa sababu mkato wa pili unaangukia A penyewe au nyuma yake. Mtoto wa kidato cha nne anashika hayo kwa dakika kumi akipewa bikari badala ya kukaririshwa.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba kosa hili lina mizizi. Jedwali la sini linaanzia 0 linaishia 90. Ulipekue usiku kucha, 123.56 hutaiona. Kikokotoo nacho kinakupa pembekali, yaani ile iliyo chini ya nyuzi 90, peke yake. Kwa hiyo asipofundishwa kujiuliza, mwanafunzi hatajua kamwe kwamba kuna pembe nyingine imejificha. Na kuna maswali ambayo jibu ni moja tu, na ni hilo lililojificha! Chukua pembetatu yenye pande 5, 6 na 10. Tafuta kwa kanuni ya kosini, ile inayotoa pembe ukijua pande zote tatu, pembe inayoutazama upande wa 5, ni 22.33. Kisha tumia sini kutafuta inayoutazama upande wa 10. Jedwali litakupa 49.46. Ukizitoa zote mbili kwenye 180, upande wa 6 unabaki na pembe ya 108.21. Upande wa 6 umepata pembe kubwa kuliko upande wa 10! Jibu la kweli la pembe inayoutazama upande wa 10 ni 180 toa 49.46, yaani 130.54. Nimeona vijitabu vya marudio vinavyouzwa steshenari vimefanya kosa hili hili.

Nafanya kazi na wapima ardhi. Sisi tunapima mstari mmoja wa msingi na pembe kwenye ncha zake zote mbili, na hapo hakuna utata wowote. Utata unakuja ukijua pande mbili na pembe isiyokuwa katikati yao. Ukichagua jibu la kwanza bila kuhakiki, jiwe la mpaka linaingia kwenye shamba la jirani. Kwenye mfano huu tofauti ni 11.98 na 5.34, na uwanjani hizo ni mita.

NYONGEZA: Mkuu hapo chini umesema "mtoto angechukua pembekali tu aepuke shari". Ningekubali kama swali lingesema B ni pembekali, au lingeweka mchoro. Halikusema, na mchoro haukuwepo.

Jumatatu narudi. Nabeba bikari yangu, rula na karatasi nyeupe. Binti anataka alama zake 3, nami nataka mwalimu achore mbele yake.