Mita tatu za LUKU kwenye nyumba moja: kodi ya jengo inakatwa mara ngapi?

BintiWaNyakato
Habari za jioni wakuu. Nyumba ya mama yangu iko Nyakato, Mwanza, ya kawaida tu, haina ghorofa. Ina mita tatu za LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla: ya mama, na mbili za wapangaji wa vyumba vya nyuma. Kila mita inakatwa kodi ya jengo 1,500 kila mwezi, jumla 4,500. Mpangaji mmoja analalamika, na ana haki. Mama ana miaka 68. Hakuna mtu aliyewahi kuja kuikagua nyumba yetu, sasa hii 1,500 inatokana na nini? Na mzee wa umri wake si anasamehewa?

MthaminiMstaafu
Dada, shikamoo zangu kwa mama. Nimefanya uthamini wa majengo miaka mingi, Nyamagana na Ilemela, kwa hiyo nitajieleza kwa kirefu kidogo.

Zamani kodi ilifuata thamani ya jengo. Tulipanda Mabatini na Igogo mguu kwa mguu, tepu mkononi: kuta ni tofali gani, bati limechoka kiasi gani, gari linafika mlangoni au watu wanapanda mawe. Jengo kuukuu lilipunguziwa thamani kwa uchakavu. Majibu yaliingia kwenye daftari la uthamini, kodi ikawa asilimia ndogo ya thamani hiyo, na mwenye nyumba asiyeridhika alikuwa na baraza la kupeleka rufaa.

Hiyo 1,500 haikutokana na thamani ya nyumba yenu. Ni kiwango kimoja kwa kila nyumba ya kawaida. Kukata kupitia LUKU kulianza Agosti 2021, 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 5,000 kwa kila sakafu ya ghorofa. Mwaka 2023 ikapanda kuwa 1,500 na 7,500. Usiponunua umeme mwezi mzima, deni linakusubiri.

Mimi kiwango hiki sikikubali, na nasema hivyo kila ninapopata nafasi. Nyumba ya vyumba viwili juu ya mawe Mabatini, maji yanapandishwa kwa ndoo, inalipa sawa na nyumba pana ya chini iliyo ufukweni Capri Point yenye bustani mpaka ziwani. Uthamini ulikuwa na gharama na ulichelewa, lakini uliangalia kile mtu alicho nacho.

Kuhusu mita: kodi ni ya jengo, si ya mita. Jengo moja linapaswa kukatwa kwenye mita moja. Nenda ofisi inayosimamia kodi ya majengo na namba za mita zote tatu na kitambulisho cha mama. Barua ya mtendaji wa mtaa inayosema ni jengo moja itasaidia sana. Omba mbili ziondolewe kwenye kodi.

MpangajiIgoma
Sisi wapangaji tunaumia kimyakimya. Mwenye nyumba wangu nilimwonyesha risiti za LUKU, sasa anapunguza kwenye pango. Wewe umeliwazia hili mwenyewe, Mungu akubariki.

BintiWaNyakato
Asante sana mzee wangu. Na msamaha wa umri?

MthaminiMstaafu
Upo, kuanzia miaka 60, kwa nyumba moja anayoishi mwenyewe. Lakini umelengwa kwa mzee asiye na kipato, na nyumba isiyo ya biashara. Mama ana wapangaji wawili. Waeleze hivyo hivyo ilivyo, usifiche vyumba vya nyuma, maana namba za mita zenyewe zitawasemea. Maombi ya msamaha yaandike peke yake, yasichanganywe na ya mita. La mita liko wazi, lisije likakwama kwa sababu ya lingine.

Na usichanganye na kodi ya pango la ardhi. Ile ni ya kiwanja, inafuata ukubwa, matumizi na eneo, na haipiti kwenye LUKU. Kama kiwanja kina hati, angalia na deni la huko.

BintiWaNyakato
Hati ipo kwa jina la marehemu baba. Naanza na mtendaji kesho asubuhi, halafu ofisi ya kodi. Mpangaji nimeshamwambia mwezi huu akate 1,500 yake kwenye pango.