Pikiniki ya watu 25 na kila mtu anakuja na chakula: nibebe nini ambacho sitarudi nacho nyumbani?

KijikoChaMti:
Wakuu habari zenu, naomba msaada. Jumamosi tuna pikiniki ya kazini, watu kama 25, wengine wanakuja na watoto, na utaratibu ni ule wa kila mtu kuja na chakula kinawekwa mezani watu wanajipakulia. Hakuna umeme, hakuna kuwasha moto, na joto la msimu huu si mchezo.

Mara ya mwisho nilijiaibisha. Nilibeba saladi ya letusi, nyanya na matango, nikajifanya mjanja nikaichanganya na siki na mafuta kabisa nyumbani, kufika kule masaa mawili baadae majani yamelala yanaogelea kwenye maji. Watu wana adabu zao, walipita wakachungulia wakasema "mmh hongera" alafu wakahamia bakuli la pembeni. Nimerudi nayo vilevile ilivyokwenda, nikaimwaga usiku watoto wamelala.

Sina oveni, nina jiko la plati mbili na friji ndogo. Sitaki kitu cha kunikesha Ijumaa nzima. Nataka kile ambacho mtu akionja anarudi tena.

Mpishi_wa_Zamu:
Pole sana dada (kama ni kaka unisamehe). Kosa lako lilikuwa chumvi na siki kukutana na majani mapema, vinavuta maji yote nje. Majani hayasafiri, achana nayo kabisa. Beba kitu ambacho kikikaa ndo kinanoga.

Mi silaha yangu ni saladi ya pasta. Kilo moja ya pasta kavu ikiiva inazidi kilo mbili, na kwa kuwa kuna vyakula vingine hiyo inatosha hao watu wako wote wakipakua kidogo kidogo. Chukua zile fupi zilizojikunja kama skrubu maana zinashika viungo, usichukue tambi ndefu utawatesa watu na sahani za karatasi. Sasa sikiliza hapa wengi ndo wanakosea: ichemshe dakika moja au mbili ZAIDI ya ilivyoandikwa kwenye pakiti, kwa sababu pasta ikipoa inakakamaa, ile uliyoiona imeiva vizuri ya moto kesho yake unatafuna kama raba. Chumvi iwepo ya kutosha kwenye maji ya kuchemshia. Ukishamwaga maji isuuze na maji baridi, najua kuna watu watanirukia hapo, kwa pasta ya moto kweli usisuuze ila hii ya baridi suuza, isishikane.

Kwenye kuchanganya weka vitu vigumu vigumu, hoho, karoti, mahindi ya punje, vipande vya chizi, kitunguu kilicholowekwa kwenye maji dakika kumi kipunguze ukali. Tango toa mbegu. Nyanya tia asubuhi ya safari, sio usiku. Sosi yake mafuta vijiko viwili kwa siki kijiko kimoja, pilipili manga, haradali kidogo, sukari chembe. Nusu ya sosi mimina usiku na nusu beba kwenye chupa uitie palepale kwenye pikiniki, kwa sababu pasta inakunywa, asubuhi utaikuta kavu utadhani hujaweka kitu. Na ukishaipoza onja tena chumvi, chakula cha baridi kinameza chumvi.

Bachela_Sugu:
Mi sijui kupika na sijawahi kurudi na chombo kilichojaa. Tikitimaji. Mawili makubwa. Unayalaza kwenye friji usiku, asubuhi unakata vipande vyembamba vya pembetatu unaacha ganda ili liwe mpini, unapanga kwenye kontena lenye mfuniko na barafu chini. Wakati wenzio wanagombania kuku wewe subiri, jua likipanda hakuna atakayekumbuka kuku.

Siri moja ya hizi shughuli: watu wamesimama, mkono mmoja una soda, mwingine una mtoto. Chakula kinachohitaji kisu na uma kimeshashindwa kabla hakijafunguliwa.

MamaMapacha:
@Bachela_Sugu umenichekesha ila hapo kwenye mkono mmoja umeongea. Ila tikiti likishakatwa linahesabika chakula cha kuharibika kama vingine, sio kwamba ni tunda basi likae juani mpaka jioni.

@KijikoChaMti mi nakushauri mayai. Yale ya kuchemsha unayakata nusu, unatoa kiini, unakiponda na mayonezi na haradali na chumvi unakirudishia. Mayai 15 unapata vipande 30, na nakuhakikishia sahani itakuwa tupu kabla watu hawajamaliza kusalimiana. Sijui kwa nini mayai, mtu nyumbani hana habari nayo ila kwenye pikiniki anakula matano.

Vitu vya kuzingatia ni vichache. Usitumie mayai ya leo leo, yale yaliyokaa kama wiki moja ndo yanamenyeka, mapya maganda yanaondoka na nyama yake. Chemsha maji kwanza ndo uyatumbukize polepole na kijiko, dakika 11 au 12, kisha moja kwa moja kwenye maji ya barafu. Ukiyaacha yakapitiliza kiini kinazungukwa na rangi ya kijani, haina madhara lakini inaonekana kama kitu cha juzi. Alafu USIYAJAZE nyumbani. Beba weupe peke yake kwenye kontena, na kile kiini kilichopondwa kiweke kwenye mfuko wa plastiki safi, ukifika unakata kona ya mfuko unaminya kama unapamba keki. Mi mwaka ule nilibeba yamejazwa tayari, gari likapiga breki moja tu, nilifungua nikakuta uji wa njano.

Mzee_wa_Tahadhari:
Nashangaa mnamshauri mtu mayonezi kwenye joto. Mayonezi juani ni sumu, mi nimeona watu wameharisha. Abebe mkate na karanga amalize kazi.

Mpishi_wa_Zamu:
Mzee wangu kwa heshima zote, mayonezi ya dukani inasingiziwa. Ina siki au limau ndani, na vijidudu vingi havipendi ukali huo, tena mayai yake yameshapitishwa kwenye joto kiwandani. Ya kujitengenezea na mayai mabichi hiyo sawa, hata mi sibebi. Kinacholeta shida ni vile vilivyochanganywa nayo, viazi, kuku, mayai yenyewe, na mikono iliyovishika. Ndo maana hata hiyo pasta yangu isiyo na mayonezi nayo inahitaji ubaridi.

Kipimo cha Wizara ya Kilimo ya Marekani ni hivi: chakula cha kuharibika kisikae nje zaidi ya masaa 2, na joto likizidi nyuzi 32 ni saa 1 tu. Vijidudu vinasherehekea kati ya nyuzi 4 na 60, kwaiyo cha baridi kiwe baridi kweli na cha moto kiwe moto kweli, uvuguvugu ndo adui. Wali nao mtu asiuone mpole, kuna bakteria mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa, ukiuacha sufuriani usiku kucha zinaamka.

Karanga nazo kwenye watu 25 wenye watoto, mh. Kuna mtoto akigusa tu anavimba. Kama ukibeba kitu chenye karanga andika kikaratasi ubandike.

Mzee_wa_Tahadhari:
Hapo kwenye karanga nimekubali. Kwenye mayonezi bado naangalia tu.

KijikoChaMti:
Asanteni jamani, na ni dada 😄. Nimeamua pasta ya Mpishi na mayai ya MamaMapacha, mayai nafanya kumi tu nione. Ila sasa ubaridi ndo swali, nina boksi la barafu moja dogo na safari ni kama saa nzima. Na viazi je? Kuna mwenzangu anataka tushirikiane kwenye saladi ya viazi.

Dereva_Mstaafu:
Boksi ni kazi yangu hii. Gandisha chupa za maji za plastiki tangu Alhamisi, usizijaze mpaka juu maana maji yakiganda yanatanuka chupa inapasuka. Hizo ni barafu yako, hazilowanishi chakula na zikiyeyuka mnakunywa. Vyakula viingie vikiwa vimeshalala friji, boksi halipoozi kitu cha moto, linatunza tu. Chupa weka chini na juu, sana sana juu, baridi inashuka. Nafasi ikibaki jaza na taulo, boksi tupu linapata joto haraka. Na soda ziwe kwenye chombo kingine kabisa, la sivyo kila dakika mtoto anafungua anatafuta yake na baridi yako yote inaondoka.

Ukifika kivulini. Mezani toa bakuli dogo, likiisha unaongeza, sio unamwaga zote kilo mbili zikae na nzi.

MamaMapacha:
Viazi mwambie aanze na maji baridi, sio kutumbukiza kwenye yanayochemka, nje vinakuwa uji na kati vibichi. Kijiko cha siki kwenye maji vinashikana visivunjike. Avinyunyizie siki na chumvi vikiwa vya moto vinyonye, mayonezi aweke vikishapoa kabisa. Na dada beba VIJIKO VYA KUPAKULIA, viwili. Kila pikiniki watu 20 wanakuja na mabakuli na hakuna kijiko hata kimoja, mwisho tunapakulia saladi na kikombe.

KijikoChaMti:
Mrejesho wadau. Mayai yameisha sijala hata moja, kuna kaka wa uhasibu nimemhesabu amechukua sita anajifanya anampelekea mtoto na mtoto hana. Pasta imeisha mpaka watu wanakwangua, ile sosi ya chupa imeokoa maana asubuhi niliikuta kavu kama mlivyosema. Viazi vya mwenzangu vilibaki nusu, alisahau chumvi, ila sijamwambia.

Tatizo ni moja, dada mmoja kaomba abebe pasta iliyobaki pembeni za bakuli ampelekee mumewe, nikaona sifa hizo nikamruhusu, na sasa bakuli langu la mfuniko wa bluu limeondoka na sina namba yake.