Tupeane uzoefu: ulitubu jambo gani, na moyo wako ukapumzika vipi?

Bwana Yesu asifiwe. Kwa Wakatoliki wenzetu, Tumsifu Yesu Kristo.

Naomba leo tuweke pembeni mada za upako na mafanikio. Mimi niko Bagamoyo, Magomeni, nahudumu kwenye maombi ya akina mama. Watu ninaokutana nao ni walewale: mkesha huu yupo, semina ile yupo, anafunga, analia mpaka sauti inakauka, halafu Jumatatu ukimkuta njiani amechoka kuliko alivyokuwa Ijumaa. Nawapenda sana watu hawa na inaniuma. Naona wengi wetu tunamwambia Mungu kwamba tumechoka, ila hatumwambii tumebeba nini. Petro kwenye Matendo 3:19 ameyapanga vizuri: tubuni, mrejee, dhambi zifutwe, ndipo zije "nyakati za kuburudishwa". Sisi tunataka tuanzie kwenye kuburudishwa.

Aliyewahi kutubu jambo lenye jina, si "nisamehe dhambi zangu zote" halafu basi, naomba atueleze ilikuwaje. Dhehebu lolote karibu. Ombi langu moja: tusitaje jina la mtu, la kanisa wala la mchungaji.

Mama Karanga wa Sokoni

Milele amina. Shikamooni wakubwa zangu.

Mimi nakaanga samaki pale sokoni pwani. Kuna kipindi nilikuwa kijumbe wa mchezo, ule wa kuchangishana hela na kupokea kwa zamu. Wenzangu waliniamini, michango yote inapitia kwangu. Ikafika zamu ya mwenzetu mmoja ambaye mtoto wake alikuwa amelazwa. Nikamwambia michango haijatimia. Uongo. Ilishatimia, ila asubuhi ile nilikuwa nimeingia nayo mnadani nikachukua samaki, nikijipa moyo kwamba jioni narudisha. Jioni hiyo biashara ikanigomea. Mama wa watu akakopa kwingine, mtoto akapona, na wala hakujua kitu. Mimi ndiye usingizi ulinihama. Nikawa nasali rozari kila usiku, nikaongeza novena, nikatoa na sadaka. Kumbe namzunguka Mungu tu.

Kwaresima ikafika nikaenda kitubio. Nikaanza na yale ya kila mwaka: nimesengenya, nimekasirika, nimekosa Misa. Padri akanyamaza, kisha akauliza, "Na kilichokuleta?" Hapo nikalia, nikasema yote. Hakunigombeza. Akaniambia hela ya mtu hailipwi kwa rozari, niirudishe, halafu akaniondolea dhambi.

Nilimkuta yule mama anapepeta mchele. Nikaanza kueleza, naye hakuacha kupepeta. Nilipomaliza akasema, "Niwekee hapo kwenye kigoda." Hakuongeza neno. Ilipita muda mrefu ndipo akaja tena kununua samaki kwangu, na siku hiyo alichagua mwenyewe, akanilipa, akaniuliza habari za nyumbani. Lakini usiku ule wa kigoda nililala mpaka mwanangu akaja kunigongea mlango. Siku hizi adhana ya alfajiri ikianza ndiyo saa yangu ya kusali. Maneno yangu yamekuwa machache mno.

Seremala Mstaafu

Marahaba mwanangu. Umenena.

Mimi ni Mlutheri. Kwetu maungamo tunayasema pamoja mwanzoni mwa ibada, kila Jumapili, na ndiyo maana mtu anaweza kuyasema miaka na miaka huku moyo haupo. Nilikuwa nayasoma kwa sauti huku nimemchukia mdogo wangu kwa sababu ya shamba la baba kule Lushoto. Zaburi ya 32 inasema, "Niliponyamaza mifupa yangu ilichakaa." Nilizeeka kabla ya wakati, na nilikuwa nasingizia kazi ya randa.

Walutheri wengi hawajui kwamba hata kwetu kuungama faragha kupo. Luther hakukufuta, na kumo kwenye Katekisimu Ndogo ya mwaka 1529. Nilipojua hilo nikamfuata mchungaji, tukakaa wawili tu, nikamtaja mdogo wangu na nilivyomwombea mabaya. Akaniwekea mkono kichwani akanitangazia msamaha kwa jina langu. Nakwambieni, kulisikia jina lako ndani ya maneno yale si sawa na kulisikia tangazo la wote.

Nikampigia simu mdogo wangu. Akakata. Nikapiga tena, akapokea mkewe. Hatujapatana mpaka leo, hiyo ndiyo hali halisi. Ila lile joto lililokuwa likinipanda kifuani kila linapotajwa shamba halipo tena. Warumi 12:18 inasema "kama yamkini, kwa upande wenu". Kwa upande wangu mlango uko wazi, na kila jioni namwombea yeye na wanawe kwa majina.

Muuguzi Zamu ya Usiku

Shikamoo mzee wangu, shikamoo mama. Nimesoma kwa machozi. Ila mwanzisha mada, naomba nami niseme, maana kuna mtu atasoma hapa aumie.

Nilipoteza mimba iliyokuwa kubwa. Kwenye maombi fulani nikaambiwa nitubu, kuna mlango nimeufungua. Nikatubu dhambi za utotoni, nikatubu za bibi yangu, nikatubu hata nisizozijua. Kila nikitoka pale nazidi kuzama. Aliyenitoa ni mama mmoja mzee wa jumuiya yetu. Alinifungulia Yohana 9, pale wanafunzi wanapomuuliza Yesu nani alitenda dhambi, huyu au wazazi wake, naye Yesu anakataa yote mawili. Kisha akaniachia Zaburi ya 13, ile ya "Hata lini", akasema hiyo nayo ni sala, mwambie Mungu unavyoumia. Nilimwambia kila kitu, hata hasira yangu juu Yake. Pumziko langu lilianzia hapo.

Na nilikwenda hospitali. Mtu akikosa usingizi na hamu ya kula, haoni raha ya chochote, na hali hiyo ikapita wiki 2, huenda ni sonona, na sonona inatibika. Ukimwambia mtu huyo atubu zaidi unamwongezea mzigo ambao Yesu hakumpa.

Mwanzisha mada

Pole sana mdogo wangu, na asante. Kila anayeongoza maombi alisome hili neno lako kabla hajamwekea mtu mkono. "Njoni kwangu, ninyi nyote msumbukao na wenye kulemewa na mizigo" imewaita wote wawili, mwenye kosa na mwenye msiba.

Mwalimu wa Katekesi

Mimi nachangia upande wa ukimya. Vijana wangu wa kipaimara huwa nawapeleka mafungo pale Misheni ya zamani, na simu tunakusanya getini. Asubuhi wanahangaika kweli, mikono inapapasa mifuko mitupu. Nawapa aya moja tu ya kutembea nayo chini ya ile miembe, Marko 6:31, Yesu anapowaambia mitume waende faragha "mkapumzike kidogo". Mtoto mmoja alinijia saa tisa alasiri akasema, "Mwalimu, sasa nimekumbuka." Sikumuuliza amekumbuka nini, nikampeleka kwa padri. Mimi mwenyewe sijawahi kufanya toba ya maana nikiwa na haraka.

Nawapitisha pia makaburini. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika hapa mwaka 1868 kutoka Zanzibar, wakawakomboa watumwa na kuwajengea kijiji. Wengi wa wamisionari wale walikufa vijana, ukisoma mawe yao utaona. Nawaonyesha na mnara ambako mwili wa David Livingstone ulilala Februari 1874, baada ya wahudumu wake Chuma, Susi na wenzao kuubeba kwa miguu kutoka kijiji cha chifu Chitambo, Zambia ya leo. Wale wahudumu walisimulia kwamba walimkuta amefariki akiwa amepiga magoti kando ya kitanda.

Halafu nawaambia ukweli kwamba mji wetu huu uliuza watu. Tunasali toba na kwa hilo, ingawa sisi hatukuwapo. Nimeona mtoto akishaomboleza kwa ajili ya waliofungwa minyororo, la kwake analisema bila kujitetea.

Dereva Boda

Bwana asifiwe watumishi. Mimi Mpentekoste. Sala ya toba nimeongozwa mara nyingi, naitwa mbele, naenda, nikirudi kukaa sisikii tofauti. Kwetu hakuna kitubio. Na nina jambo, si la kuandika hapa.

Seremala Mstaafu

Usiliandike kabisa mwanangu. Yakobo 5:16, "Ungameni dhambi zenu ninyi kwa ninyi, na kuombeana, mpate kuponywa." Hiyo ni ya Wakristo wote. Tafuta mtu mmoja mzima kiimani, mwenye kifua, ambaye hujawahi kusikia kwake siri ya mwingine. Awe mzee wa kanisa, awe mchungaji wako. Liseme kwa jina lake, kisha mruhusu akuombee wewe umenyamaza.

Mama Karanga wa Sokoni

Na kama yupo aliyeumia, mwanangu, usisubiri usikie kitu moyoni ndipo uende. Mimi nilikwenda magoti yanatetemeka.

Dereva Boda

Yupo, yuko Kiromo. Mzee wetu wa kanisa namwamini, nitamwona leo jioni baada ya ibada. Kesho nikishapeleka wanafunzi shule nitapita Kiromo. Naombeni mniombee kuanzia saa mbili asubuhi.

Mwanzisha mada

Saa mbili tutakuwa tunaomba, mdogo wangu. Wengine karibuni muendelee.