Je, kitabu cha tatu cha The Hunger Games kinastahili lawama?

Mpenzi wa Riwaya: Ndugu wasomaji, nimemaliza vitabu vitatu vya Suzanne Collins vilivyotoka kati ya mwaka 2008 na 2010, na kwangu cha kwanza ndicho bora. Sheria moja iliniumiza kuliko mapigano yote: mtoto maskini huruhusiwa kuongeza jina lake katika kura ya kifo, inayochagua watoto wa kupigana uwanjani hadi kufa, ili familia yake ipate nafaka na mafuta, hivyo njaa yenyewe ndiyo inayochagua wa kufa. Mockingjay, kitabu cha tatu, hata hivyo, kinamdhoofisha shujaa wake, msichana Katniss, ambaye kwa muda mrefu ni mgonjwa au amefichwa chini ya ardhi. Mnakionaje?

Tumaini: Ndugu yangu, mimi nakitetea. Collins, ambaye baba yake alipigana Vietnam, hatupi shujaa anayetoka vitani akiwa mzima wa roho. Coin, kiongozi wa waasi, anapopendekeza kwamba watoto wa Capitol, mji mkuu wa watawala, nao watupwe uwanjani, tunaelewa kwa nini mshale wa Katniss uliokusudiwa Rais Snow unampata Coin.

Mama Riziki: Kuhusu mshale nakubaliana nawe kabisa, mwanangu, ila kifo cha Prim kimesimuliwa kwa haraka mno. Katniss alijitolea kwenda uwanjani badala ya mdogo wake huyo, na ndipo yote yalipoanzia. Prim alistahili kurasa zaidi.

Mpenzi wa Riwaya: Ahsanteni. Hoja ya Coin ina uzito, lakini Gale, rafiki wa Katniss, naye ameondolewa ghafla, bila mazungumzo ya kutosha kuhusu mabomu aliyoyabuni.