Mdogo wangu ni mwanasoka, amekamatwa kwa mwendokasi na bado hajashtuka. Nimwambie nini?

Dada_Uyole

Wakuu, habari za jioni. Naomba mnisikilize hadi mwisho, maana nyumbani nimeshaongea mpaka sauti imekauka.

Mdogo wangu wa mwisho anacheza mpira wa kulipwa, winga wa kulia, ana miaka 23. Timu sitaitaja. Alipopata hela ya usajili mwaka jana akanunua gari, Toyota Crown Athlete nyeupe, na tangu hapo akija nyumbani hasemi amefika salama, anasema ametumia saa ngapi. Mara mbili amelipa faini ya 30,000, kwake ni kama hela ya vocha.

Wiki iliyopita alikuwa anatoka Iringa. Pale Igurusi akapigwa tochi, 128 kwenye kibao cha 50. Trafiki akampungia mkono, hakusimama. Akaovateki basi na semi mbili kwa mpigo, juu ya mstari usiokatika. Wakapigiana simu, wakamngojea Inyala. Alilala ndani usiku mmoja, mimi na baba mdogo ndio tuliokwenda kumwekea dhamana. Shtaka ni kuendesha gari kwa hatari.

Kukamatwa siyo kunakoniuma. Asubuhi ile nilimpelekea chai kwenye chupa, na neno la kwanza alilonitamkia ni kuuliza kama gari limekwaruzwa. Halafu akaniambia, "Dada, mimi naona mapema kuliko hao madereva wenu. Ndiyo kazi inayonilisha."

Na ni kweli. Nimemtazama uwanja wa Sokoine, beki hajaamua bado aende wapi, yeye ameshapita. Mtu wa namna hiyo unamwambia nini? Ukimtajia kifo anatabasamu. Baba mdogo kamtukana akaondoka. Mama alimwangalia tu, hakusema kitu.

Hapo Igurusi ndipo mama anaposhukia kila mwisho wa mwezi kununua mchele. Sijamwambia kwamba ni pale pale.

Fundi_Soweto

Pole sana dada. Mimi nafunga na kufungua Crown hapa Soweto ya Mbeya kila siku, nasema ninachokijua. Gari lile limetulia mno. Ukiwa 130 vioo vimefungwa, mwili unakwambia uko 70. Kwa hiyo sishangai kijana kutokuona kosa lake. Na vibao vingine vya 50 viko mahali ambapo hata kuku hapiti, madereva wamezoea kuvidharau vyote.

Msimhukumu kama vile maisha yameisha. Karim Benzema mwaka 2013 alinaswa Madrid akiwa 216 kwenye barabara ya 100. Akafungiwa leseni miezi minane, faini euro 18,000. Mwaka 2022 akachukua Ballon d'Or. Kijana anaweza kukosea akajirekebisha. Ila kutomsimamia trafiki, hapo simtetei.

Mzee_wa_Semi

Binti yangu, nimeendesha semi miaka 27, Dar mpaka Tunduma, Lusaka, hadi Ndola. Sasa nimepumzika, nalima viazi Inyala. Hilo neno la "naona mapema" limenikalisha chini, nimeshindwa kula.

Kwenye barabara ile hakuna anayeona mapema kuliko mwenye semi. Tunakaa juu. Kichwa cha gari kiko juu ya paa za Noah na hiace zote, unaona mbele kilomita nzima pakiwa tambarare kama Usangu. Ndiyo maana wenye magari madogo hutungojea sisi tuwape ishara. Indiketa ya kushoto, pita. Ya kulia, kaa nyuma. Ni lugha yetu ya barabarani, haimo kwenye kitabu cha leseni, lakini kila dereva wa njia ile anaijua.

Mwaka siutaji. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua zuri, nimetoka Chimala nimebeba mbolea. Nyuma yangu kuna gari la IT, lile linalotolewa bandarini kupelekwa Kongo likiwa bado na namba za karatasi kiooni. Mnawajua madereva wa IT, analipwa kwa safari, akifika mapema anawahi kurudi kuchukua lingine. Alinimulika taa mara tatu. Nikaangalia mbele. Hakuna gari. Barabara tupu hadi inapopotelea. Nikampa kushoto.

Alinipita kama upepo. Na wakati ule ule mama mmoja akatokea upande wa kulia, anasukuma baiskeli iliyobebeshwa kiroba, anavuka. Alikuwa amesimama nyuma ya mkokoteni kandokando ya lami, mimi niliuona mkokoteni, sikumwona yeye. Mama aliangalia kwanza, nitaapa hilo mbele ya Mungu, nilimwona akigeuza shingo. Aliona gari dogo liko mbali. Mtu aliyekulia kijijini anapima gari kwa mazoea. Likiwa mbali kiasi kile, muda wa kuvuka upo. Lile halikuwa na mwendo wa mazoea.

Nilisimama mbele sana, semi yenye mzigo haisimami unapotaka. Nikarudi kwa miguu. Kiroba kilikuwa kimepasuka, mchele umetapakaa lami nzima, mweupe, na kuku walikuwa wameshafika wanadonoa. Nikaanza kuwafukuza wale kuku. Watu wanamkimbilia mama, mimi nafukuza kuku. Sijui kwa nini.

Dereva wa IT alikuwa kijana mzuri, hakukimbia. Alikaa ukingoni anarudia, "Mzee, ulinipa kushoto." Na ni kweli nilimpa. Tulikuwa wawili tunaona mapema, yeye na mimi, na yule mama alikuwa wa tatu. Sote watatu tuliona, na bado alikufa.

Baada ya siku ile sikumpa mtu indiketa ya kushoto tena mpaka nastaafu. Wenzangu waliniita mbinafsi.

Mwambie mdogo wako hatujabishana kuhusu macho yake. Yule mama naye atakuwa anakadiria, mwenye bajaji anakadiria, mtoto wa shule anakadiria, na wote wanamkadiria yeye kama gari la kawaida. Fundi wangu, Benzema alikuwa kwenye barabara ambayo hakuna mtu anayesukuma baiskeli kuivuka.

Ticha_Tukuyu

Shikamoo mzee. Nimesoma mara mbili.

Dada, mimi nafundisha fizikia, na wachezaji huwa nawaeleza kwa uwanja wao. Binadamu mwepesi au mzito, kuanzia kuona hatari hadi mguu kugusa breki, hesabu kama sekunde moja. Ukiwa 50, sekunde hiyo inakula mita 14, hata boksi la kumi na nane hujalimaliza. Lami ikiwa kavu na breki nzima, mita 14 nyingine gari limesimama. Jumla 28.

Ukiwa 128, sekunde ile ile inakula karibu mita 36. Maana yake pale ambapo mwenye 50 ameshasimama na anafuta jasho, mdogo wako hata breki hajaigusa. Yuko 128 kamili. Ukimpunguzia nusu ya sekunde kwa wepesi wake wa winga, nampa kwa moyo mmoja, bado anahitaji mita kama 90 za kusimamia, karibu uwanja mzima. Wepesi unafupisha ile sekunde tu. Breki na tairi hazijui kama yeye ni winga. Na nguvu ya kugonga ni zaidi ya mara sita ya ile ya 50, kwa sababu mwendo unajizidisha wenyewe.

Kuhusu kifo kutomwogopesha. Marekani kulikuwa na mchezaji wa mpira wao, Henry Ruggs wa Las Vegas Raiders. Timu za ligi yao zilipochagua wachezaji wapya mwaka 2020, alichaguliwa wa 12, hasa kwa sababu ya mbio zake. Yadi 40 kwa sekunde 4.27. Alfajiri ya tarehe 2 Novemba 2021, akiwa amelewa, Corvette yake ilifika kilomita 251 kwa saa kwenye barabara ya 72. Akaigonga RAV4 kwa nyuma, ikawaka moto, ndani yake binti wa miaka 23 na mbwa wake. Timu ilimwacha siku ile ile. Agosti 2023 akahukumiwa kifungo cha kati ya miaka mitatu na kumi. Utasema pombe, nami nakubali, pombe ilikuwepo. Lakini huyu Ruggs rafiki yake wa sekondari alikufa kwa ajali ya gari, na kila akifunga alikuwa anainua vidole vitatu kumkumbuka, kwa sababu rafiki huyo alikuwa anavaa jezi namba 3. Alikuwa anakijua kifo cha barabarani kuliko sisi tunaohubiri. Kwa hiyo dada usipoteze nguvu huko. Mpe mita, akazipime uwanjani mwenyewe kwa miguu.

Fundi_Soweto

Mzee nimekuelewa, naondoa mfano wangu.

Dada, kabla hajarudi mlete gari, sitamtoza. Nataka kuziona tairi. Crown nyingi zinakuja na tairi zenye kashata nzuri lakini mpira umezeeka. Aangalie ubavuni, kuna tarakimu nne. Ikiandikwa 2316 ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Mpira wa namna hiyo ukiupeleka 128 kwa jua la Igawa mchana, unapasuka bila kukupa taarifa.

Dada_Uyole

Ndaga fijo wote. Mzee, shikamoo, na Mungu akutunze.

Jana usiku nilimsomea ujumbe wako, tumekaa kibarazani, mama yuko jikoni mlango wazi. Alianza kwa kucheza na simu. Ulipofika kwenye kuku akaizima. Nilipomaliza hakusema ameelewa wala hatarudia, na sikumdai. Aliuliza kitu kimoja, kama yule kijana wa IT aliendesha tena. Kama unajua mzee, tafadhali andika, anasubiri jibu.

Leo asubuhi alikwenda uwanja wa shule ya msingi. Sikumfuata. Mtoto wa jirani ndiye aliyeniambia alikuwa anatembea peke yake kutoka golini, anahesabu hatua.

Tairi za nyuma zilikuwa za 2015. Zimebadilishwa.

Anaondoka Jumatatu alfajiri. Mama alisikia yote kule jikoni. Tukiwa tunakula akasema atapanda naye kiti cha mbele mpaka Igurusi, mchele umekwisha. Bado kilo nane kwenye ndoo, nimezipima mimi. Nimempa nauli ya kurudia na Costa.