Katoa koti langu la mvua katia MTO! Nani atamwambia huyu bi mkubwa?

MguuNiponye:

Jamani, naandika mkono unatetemeka. Niko foleni ya mpaka wa Lungalunga, mvua ya masika inashuka kama mfereji umeachwa wazi, na mgongoni nimebeba mto. Mto wa kulalia. Wa usufi. Umetariziwa "Lala Unono" kwa uzi mwekundu, na maua pembe zote nne.

Simtaji. Hana haja ya kutajwa, mnamjua nyote. Yule yule. Kijana akisema tu "naondoka" hapa Mombasa, hata kama ni Mariakani kwenda na kurudi, yeye keshafika na furushi.

Sasa sikilizeni. Begi langu ni la lita 40. Nimelifunga siku tatu. Nimelifunga, nimelifungua, nimelifunga tena. Nimelipima kwa mizani ya duka la jirani, kilo 9 na nusu, maji yamo. Nguo nimezikunja zikawa kama sambusa. Safari yenyewe ni Tanga, nishuke Mombo, nipande Lushoto, halafu siku sita kwa miguu milima ya Usambara, kijiji hadi kijiji. Mwezi wa nne! Mtu aendaye Usambara mwezi wa nne, koti la mvua ndiyo roho yake. Ndiyo maana nililiweka juu kabisa, nilivute kwa mkono mmoja.

Alfajiri hii, Mwembe Tayari. Basi linanguruma, abiria wamejaa. Namwona huyooo, buibui linapepea, kaupakata mto kama mtoto mchanga. Nikamwamkia kwa adabu zangu zote. Hakuitikia hata! Alilitazama begi, akasema, "Hili begi au mkoba wa chekechea?" Akalishika. Akalifungua. Mbele ya watu! Akalivuta koti langu la mvua, akaliinua juu kama anauza mitumba Kongowea, akasema kwa sauti ya kufika Likoni:

"Koti la nini? Kwani wewe chumvi, utayeyuka?"

Basi zima likacheka. Utingo alicheka mpaka akajishikilia mlangoni. Mama wa mahamri alicheka. Kuna mtoto mchanga alikuwa analia, akanyamaza, naye akacheka.

Kisha akausindilia ule mto kwa goti. KWA GOTI. Nikasikia kitu ndani kinasema *ka*. Ilikuwa taa yangu ya kichwani. Koti akalikunja vizuri, akalitia kwapani, "Nitakuwekea." Aniwekee! Nani alimwambia nataka kuwekewa? Sasa hivi koti langu liko Majengo, kavu, limening'inia nyuma ya mlango, mimi niko Lungalunga nachuruzika.

Kwani wewe chumvi. Mbele ya watu.

Kwenye feri nasikia hilo tu. Ukunda, nasikia hilo tu. Msambweni mtu kando yangu kafungua yai la kuchemsha, kanyunyizia chumvi, kanitazama, kacheka!

Najua ni mapenzi. Hilo silibishi, na kama si mapenzi nisingeumia hivi. Lakini mtu aliyebeba nyumba yake mgongoni unampaje kitu cha kitandani? Angenipa leso. Hata si doti, kipande kimoja. Leso unajifutia maji, unajitanda baridi, unatandika, unafanya pazia, unabebea maembe, na ukiianika jua la saa moja imekauka. Kutoka kwake mpaka Barabara ya Biashara ni mwendo wa dakika chache, leso zimejaa tele! Angenipa soksi. Angenipa vidonge vya kutibu maji. Salio la simu. Alichonipa ni mto mkubwa kama mbuzi wa Idi, na nyumba za wageni Lushoto zote zina mito!

Kwa goti, jamani.

PopoWaMtongwe: Pole sana Chumvi.

BintiKibokoni: Ai! Bado hajaacha? Mimi nilipokwenda Mlima Kenya kwa njia ya Chogoria alinipa chetezo. Cha udongo. Na udi, na mfuko wa makaa, "usije ukalala na harufu ya moshi huko". Nikaona haya kukirudisha. Nimekipandisha mpaka Lenana, mita 4,985, watu wanakokota pumzi mimi nakokota chetezo. Kilivunjika njia ya kushuka, vipande vikatoboa begi la kulalia. Mpaka leo nikilala ndani yake nanuka maulidi.

MguuNiponye: Alikufungulia begi mbele ya watu lakini?

BintiKibokoni: Hapana, hilo la kufunguliwa ni lako peke yako Chumvi.

UtingoMstaafu: Kwa kazi yangu ya zamani, mto wa namna hiyo ni abiria. Unalipa nusu nauli. Ukikaa kitini, nauli kamili.

MguuNiponye: Huyu utingo kweli kanidai shilingi 200 za mto! Nikamwambia umo ndani ya begi. Akasema kichwa kiko nje.

MzeeWaBaraza: Kijana, nimesoma yote nikasikitika. Unaujua usufi wewe? Usufi huanguka na kokwa zake nyeusi, unachambuliwa kwa mkono, kokwa moja moja, nyuzi zinaingia puani, mtu anapiga chafya wiki nzima. Mto mmoja uliojaa barabara ni kazi ya siku nyingi. Huyo bi mkubwa kakaa kukuchambulia usufi, wewe unalia koti la nailoni.

MguuNiponye: Mzee wangu shikamoo, kazi yake naiheshimu. Lakini wewe hukuambiwa "kwani wewe chumvi" mbele ya basi zima. Na koti nimelinunua kwa akiba ya miezi minne.

MzeeWaBaraza: Marahaba. Koti utanunua jingine. Usufi hutopata.

KashaLaLamu: Tena usufi hauingii maji upesi. Zamani, kabla ya hizi sponji za kisasa, jaketi za kuokolea za mabaharia zilijazwa usufi. Feri ikikorofisha pale Likoni wewe ndiye utakayebaki juu, sisi wengine tukizama na makoti yetu.

PopoWaMtongwe: Chumvi inaelea!

MguuNiponye: Foronya ni ya pamba, na pamba inakunywa maji kama ngamia. Saa hii mto una uzito wa watu wawili. Nimevuka mpaka. Askari kauliza "hicho nini?" Nikasema mto. Akauliza mto gani, Umba? Wakacheka na wao. Nchi mbili sasa zinanicheka.

NaziBubu: Wewe umepewa mto. Kaka yangu alikuwa anakwenda Addis Ababa kwa barabara, akapewa mbuzi ya kukunia nazi! Mji uko juu zaidi ya mita 2,300, mnazi ataupata wapi? Kufika Moyale, upande wetu, akaulizwa una nini humo. Kwa ujinga wake akajibu, "Nina mbuzi." Akaambiwa alete cheti cha daktari wa mifugo. Akasema mbuzi huyu hali majani. Wakamweka pembeni saa nzima.

BintiKibokoni: 😂😂 Yule yule?

NaziBubu: Kwani wako wangapi?

SalimaMikindani: Mnasahau halwa. Mimi napanda treni Miritini, nimewahi, nimepanga begi kwenye mstari wa mbwa wa kunusa mizigo kama kila mtu. Kumbe bi mkubwa kanichomekea kilo mbili za halwa na kisu cha kuikatia. Kisu kikabaki pale pale. Halwa ikayeyukia nguo, nimefika Nairobi suruali zote zimeshikana, naibandua moja kama ngozi ya muhogo.

PwaniSafi: Na vifungashio! Tanzania wamekataza mifuko ya plastiki tangu Juni 2019, sisi wenyewe tangu Agosti 2017, mtu bado anakufungia mkate wa sinia kwa mfuko wa bluu aliouficha chini ya godoro. Mpakani unatoa mfuko, unabaki na mkate mkononi kama unaomba sadaka.

MwenyejiMjiWaKale: Samahani niingilie. Nyinyi mnalia mnaondoka na zawadi. Mimi napokea wageni wa mabegi hapa nyumbani, Wajerumani, Waholanzi, wote wapole na moyo safi, na zawadi zao zitaniua. Nina jozi kumi na moja za soksi za sufi nene. Mombasa! Januari ukivaa leso tu unatota jasho. Kuna aliyenibebea mshumaa wa harufu kutoka kwao mpaka hapa. Nimeuweka dirishani. Jioni nimekuta umeinama kama mzee anayesujudu, na umeganda kwenye pazia la mama.

MguuNiponye: Tusitoke kwenye mada tafadhali. Koti.

NyundoChangamwe: Kwani sisi wachongaji tukisema mtatusikia? Mteja wa begi la mgongoni anamtaka twiga, tena si mdogo, wa mita moja, zawadi ya mama yake. Tunamchonga, tunampiga msasa, tunamtia madoa. Kesho mteja karudi, twiga haingii. Ananiambia nimkate shingo kisha nimpe gundi!

UtingoMstaafu: Ulimkata?

NyundoChangamwe: Nilimkata. Nililala njaa usiku ule, chakula hakikupita.

MwenyejiMjiWaKale: Kuna anayetaka soksi za sufi? Nagawa.

BintiKibokoni: Mpe Chumvi, anakwenda kwenye baridi.

MguuNiponye: Niko Mombo. Nimelowa mpaka kwenye mifupa, gari la Lushoto linajaza, dereva kasema mto uende juu ya keria. Begi sasa halifungiki, zipu imefumuka pale pale alipotia goti. Nimempigia simu bi mkubwa. Hata salamu hakunipa, kaniuliza, "Umelalia?" Nikamwambia nimelowa. Akasema, "Na hukuyeyuka." Akakata!

Ndugu zangu, huu uzi ulikuwa wa koti langu.

MzeeWaBaraza: Kabla gari halijaondoka kijana, hebu tazama. Hiyo foronya ni kitambaa gani, marekani au popilini?

MguuNiponye: Sijui mzee! Marekani labda. Nzito nzito.

MzeeWaBaraza: Basi ni marekani. Hizo za popilini usufi huchomoza nje.

SalimaMikindani: Si lazima. Ya kwangu ni popilini, mwaka wa nane haijachomoza hata unyuzi. Inategemea mshono.

KashaLaLamu: Mshono gani, inategemea kujaza. Ukijaza kidogo inatembea ndani, ukishindilia haichomozi.

NaziBubu: Fundi mzuri wa mito hapa mjini nani siku hizi? Yule wa karibu na Marikiti alifunga?

SalimaMikindani: Kahamia Kisauni. Lakini umpelekee usufi wako mwenyewe, yeye huchanganya na pamba.

PopoWaMtongwe: Kilo ya usufi bei gani? Nataka mto mmoja wa haraka, binti yangu anaondoka Jumamosi, anazunguka Uganda na begi la mgongoni.